Viatu Kwenye Usukani

Mambrui,
Jumatatu, baada ya alasiri.

Kwako mama yangu Bi Batuli,

Assalamu alaykum, na shikamoo, tena shikamoo ya magotini, maana najua ukiuona mwandiko wangu utakunja uso kabla hujasoma neno. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema, goti limetulia, presha imeshuka, na yule paka wa jirani hajakumalizia samaki. Sisi huku safarini tu wazima, alhamdulillahi, ila ngozi zimeungua na jua, na kaka yangu Muhdhar hakai ila kwa upande mmoja. Kiti cha baiskeli kimemfanya jambo ambalo bakora ya maalim haikuweza kumfanya chuoni.

Utauliza kwa nini niandike na simu ninayo. Mama, kila nikikupigia na kulikaribia neno lenyewe, wewe husema mtandao unakatika. Juzi uliniambia unakatika na huku naisikia saa yako ya ukutani ikigonga nyuma yako, safi kabisa. Basi nimeona nitumie karatasi, ambayo haina mtandao. Muhdhar anarudi Malindi leo hii, naye ndiye atakayekuletea. Nimemwagiza asikupe mlangoni, angoje uketi kwanza. Yeye mwenyewe ukimwona amesimama, usimlazimishe kiti.

Neno lenyewe unalijua. Twahir, mwanao na mume wangu, ametoweka tangu ule mwaka wa mafuriko, na Kadhi ameshasema muda wa kungoja umetimia. Kilichobaki ni wewe, mama mzazi, uende mbele yake useme huna habari naye, ili ahukumiwe kuwa marehemu nami nikae eda. Wewe umesema huendi. Umesema mwenye kutaka kumzika mwanao amlete kwanza umwone. Tuliachana hivyo, mimi nikikunja nguo kwa hasira na wewe ukichambua mchele kwa hasira, na mchele ule ulikuwa umeshachambuliwa. Lakini usiitupe barua. Kuna jambo nimeliona njiani ambalo hatukulijua, si wewe si mimi, na sitapata raha mpaka nawe ulijue.

Unamkumbuka Mbeyu, yule dada wa Kakuyuni aliyekuwa mwenziwe Twahir katika kazi yao ya kuwapeleka wageni kwa baiskeli, kutoka Kilifi mpaka Ngomeni, wakilala mahemani ufukweni. Kazi ile ililala mwenyewe alipopotea. Sasa Mbeyu ameazimia kuifufua, akataka kwanza kuipima njia upya, na akanitumia salamu kwamba kama ningependa kuiona njia ya mume wangu, nafasi ipo. Nilikubali kabla mleta salamu hajamaliza. Wewe huniita pia, ile ya kuchezea watoto, kwamba situlii ila nikianguka, na kweli miaka hii nimezunguka kama pia: mara nifagie ua uliokwisha kufagiwa, mara niende sokoni kwa ajili ya kitunguu kimoja, nikifika nisikinunue.

Nilidhani utanikatalia. Ukakubali shingo upande, kwa masharti: Muhdhar aandamane nami, kwa kuwa mke wa mtu halali mahemani bila ya maharimu wake, na nipande baiskeli ya Twahir, si nyingine, kwa sababu chuma kisichotumika huota kutu, na mwenyewe akirudi akaikuta imeharibika, nani atamjibu? Nilisema ndiyo mama. Nilipokuwa naitoa ukumbini ukaufuta tena usukani kwa ncha ya leso yako, hali ulikuwa umeufuta Ijumaa. 

Tulianzia Kilifi, upande wa Bofa, Mbeyu mbele, mimi katikati, Muhdhar nyuma akinung'unika. Bahari ilikuwa kuliani kwetu na mikorosho kushotoni, na njia yenyewe mara ni mchanga mgumu wa pwani maji yakitoka, mara ni kichochoro baina ya nyua za watu, ambapo kuku hupishana nawe kwa kiburi. Mbeyu ni mwanamke wa maneno machache na mapaja ya chuma. Alibeba hema mbili, sufuria na madumu ya maji, na bado akawa anatungoja kila penye kivuli.

Kisha akaacha kutungoja, kwa sababu mimi nilimpita. Mama, nilikanyaga kana kwamba nafukuzwa. Mbeyu akanifikia akaniuliza ninakimbilia nini, kwani mahali pa kulala hapahami. Akanieleza kwamba Twahir alikuwa akiwasimamisha wageni kila mara: hapa kuna shimo la pweza, hapa kasa alitaga mayai, hapa kuna bibi anayekaanga viazi vitamu kuliko vya mjini. Akasema wageni waliolipia kupanda baiskeli walijikuta wamekaa chini nusu ya safari, na hawakulalamika. Nikamjibu kwamba huyo ni Twahir, mimi ni mimi, nikakanyaga tena. Mume huyu wa kukaa chini alikuwa wangu, na mimi simjui. Nyumbani alikuwa akila amesimama.

Ukweli ni huu, na najua unaujua kwa sababu nawe unao ugonjwa wenyewe: nilikuwa natazama nyuso. Matsangoni siku ya gulio kulikuwa na wanaume wengi wenye baiskeli, wamepakia makaa, wamepakia madafu, na kila mgongo wenye shati la buluu ulikuwa mgongo wa Twahir mpaka ulipogeuka. Nimefanya hivi kwa miaka, mama. Pale Malindi nimewafuata wanaume wageni mpaka vichochoroni, mimi mwanamke wa heshima zangu. Mmoja aligeuka akanikonyeza. Nilikimbia mpaka nyumbani, ukaniuliza mbona natweta, nikakwambia nimekimbizwa na mbwa.

Jioni tulipopiga hema Muhdhar alijilaza kifudifudi akaomba aachwe afe kwa amani. Mimi sikuweza kuketi. Nililifunga hema langu na Mbeyu, nikalifungua, nikalifunga tena kwa sababu kamba moja haikunyooka. Nikachota maji tusiyoyahitaji. Mbeyu akapika sima na papa, akanitazama nikizunguka moto, mwisho akanivuta leso nikakaa. Akasema mahali pale Twahir alipenda kutandika mkeka wake, akaonyesha. Nikainuka upesi kana kwamba nimekalia kaa la moto.

Asubuhi ya pili tuliingia upande wa Mida. Barabara kubwa ipo, lakini njia ya Twahir hupita ndani, kandokando ya mikoko, maji yakiwa yametoka. Tope lilitupaka mpaka kwenye nyusi. Tukafika mahali ambapo mkono wa maji umekata njia, si mpana, lakini rangi yake ni ya chai ya maziwa na huwezi kuona chini. Mimi nilikuwa mbele kama kawaida yangu, na kama kawaida yangu nilitaka kuingia na baiskeli. Mbeyu akapiga kelele nisimame. Hakuwahi kunipandishia sauti tangu tulipojuana, nikasimama.

Basi mama, soma hapa polepole.

Mbeyu alishuka, akaiegemeza baiskeli yake kwenye mkoko. Akatoa mnyororo, akauzungusha kwenye shina na kwenye baiskeli, akatia kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye uzi shingoni mwake. Akaurudisha ndani ya nguo. Kisha akavua viatu, akafunga kamba za kimoja na kamba za kingine, akavitundika kwenye usukani, nyayo zikitazama nje. Akavunja kijiti, akaingia majini taratibu, akichoma chini kwa kijiti kabla ya kuweka mguu. Alifika ng'ambo akageuka akarudi. Maji yalikuwa ya mapajani. Ndipo akafungua kufuli, akajitwika baiskeli yake, kisha yangu, kisha ya Muhdhar.

Muhdhar akamtania kwamba afungiwe nani kufuli mahali ambapo mwizi ni kaa peke yake. Mbeyu akasema ni mazoea, kayapata kwa Twahir. Siku moja huko nyuma walikwenda kupima maji wakaacha baiskeli wazi, waliporudi wakakuta alama za magurudumu tu. Tokea hapo Twahir akaweka sheria na hakuivunja hata palipokuwa na kidimbwi: kwanza mguu, kisha chuma, kisha mgeni. Huingii majini mpaka umefunga. Na viatu hutundikwa vile, nyayo nje, ili vikauke na nge asiingie.

Mimi sikusikia mwisho wa maneno yake. Nilikuwa nimekaa chini topeni, na leso yangu, na kila kitu.

Kwa sababu ile picha, mama. Ile unayoiweka chini ya mto wa kulalia, waliyoipiga watu walioiona baiskeli mwanzo, pale unapoingia mto Sabaki baharini. Baiskeli imeegemezwa kwenye mvinje. Mnyororo umezungushwa, kufuli limefungwa. Viatu vinaning'inia kwenye usukani, nyayo nje. Picha hiyo ndiyo iliyotufunga sote midomo. Wanaume walipokuja kutwambia kwamba mto uliteremka ghafla kutoka bara, huku kwetu jua linawaka, na kwamba yeyote aliyekuwamo hakutoka, uliwaonyesha picha. Ukawaambia mtu anayezama hafungi kufuli. Mtu anayezama hatundiki viatu. Kwenu kisiwani Kizingitini, ukawaambia, anayezama huzama na chombo chake. Chombo kikionekana kimefungwa pwani salama, basi mwenyewe yuko nchi kavu. Ukamalizia: mwanangu amefunga mali yake akaenda alikokwenda, na ufunguo anao. Nani angekujibu? Baba yako alikuwa nahodha, na babu yako, na waliokuja kutoa habari hawakujua hata kuogelea. Hata mimi niliyanywa maneno yale kama kombe la maalim, aya zilizooshwa kwa maji ili mgonjwa anywe. Tulipokata mnyororo ili tuirudishe baiskeli nyumbani, hukukubali kufuli lenyewe livunjwe. Liko kabatini mpaka leo, limefungwa, linangoja ufunguo wake.

Baiskeli haikuwa chombo, mama. Chombo kilikuwa miguu yake. Sisi watu wa visiwani tuliisoma pwani kwa macho ya kwetu, na pwani ile ilikuwa imeandikwa na mtu wa baiskeli.

Nilimwuliza Mbeyu kwa nini hakusema. Akashangaa. Akasema alikuja, tena mapema, siku zile zile. Alitarajia kukuta mikeka nje na watu wamekaa matanga, akakuta mlango mmoja wazi na wewe umesimama. Ukamwambia hapa hakuna msiba, ukampa maji, ukamuaga. Yeye alidhani sisi tunajua yote, ila hatutaki kutamka. Akaniuliza, bila ya ubaya wowote, mke gani asijue mumewe huvukaje maji. Nilitamani tope lile liwe na kina zaidi, linimeze.

Pale Dabaso, Mbeyu alitununulia sambusa za kaa kwenye lile banda lililo juu ya mikoko. Muhdhar alizizunguka kwa mbali akisema hana hakika kama kaa ni halali au ni makuruhu, akaomba chai. Nusu saa baadaye nikamwona nyuma ya nguzo, mashavu yamejaa. Nakwambia haya ili ucheke, na ili mimi nipumue kabla ya kuendelea. Mimi sikula. Nilitembea kwenye lile daraja la mbao kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akitazama ndege akaniomba radhi akasema nawafukuza.

Watamu hatukukaa. Mayungu tulilala, au wao walilala. Na juzi tulipita Malindi.

Ndiyo, tulipita. Jirani yako wa dirisha la kijani akikwambia kwamba aliniona, hakuota. Nilipita kwenye kichochoro chetu wakati wa adhuhuri, nimeshika baiskeli kwa mkono. Mlango ulikuwa wazi na pazia limepeperushwa. Nilisikia harufu ya wali wa nazi, nikakuona mgongo wako, unapakua. Na juu ya mkeka, mahali pake Twahir, niliona lile kawa jekundu la ukili umeshalifunikia chakula chake, kama kila mchana tangu siku ile. Nimekila chakula kile baridi jioni, nimewapa kuku, nimewapa wapita njia, na hata siku moja hatujaulizana kinakwenda wapi. Nilitaka kuingia. Mguu mmoja ulikuwa umeshapanda kizingitini. Lakini ningekwambia nini, na huku umeshika upawa? Nikarudi nyuma, nikapanda baiskeli, nikalia mpaka nilipotoka mjini. Muhdhar akadhani ni vumbi, au alijifanya.

Tukafika Sabaki. Hatukupitia darajani kwanza. Tulifuata pwani mpaka mto unapoingia baharini, kwenye ile mivinje. Sijawahi kufika pale, mama, nawe hujafika. Wanaume ndio walioenda. Mto ulikuwa umelala, mwembamba, maji mekundu, ndege wengi ng'ambo, na akina mama wakifua upande wa juu. Ni mahali pazuri. Nilikasirika kwamba ni pazuri.

Niliegemeza baiskeli kwenye mvinje. Sijui ni ule ule. Nikazungusha mnyororo alionipa Mbeyu, nikafunga kufuli lake, nikatia ufunguo kifuani. Nikavua viatu, nikavifunga kamba, nikavitundika nyayo nje. Muhdhar aliuliza ninafanya nini, Mbeyu akamshika mkono. Nikaingia majini mpaka magotini, nikasimama, nikageuka nyuma kutazama.

Na nikaona alichokiona yeye. Niliiona baiskeli imekaa kwa adabu, imefungwa, inamngoja, na viatu vinakauka. Wageni, Mbeyu ameniambia, walikuwa waje kesho yake. Alikuwa anawapimia njia. Hakuwa anaondoka, mama. Hakutukimbia. Hakuna mji ambao anaishi na hataki kutwambia. Wewe na mimi, kila mmoja kivyake, usiku kwa mchana tumekuwa tukijiuliza tulimkosea nini hata aende asituage. Nimekusikia ukimwuliza Mungu kwenye sijida. Hatukumkosea. Alivua viatu kwa sababu alikuwa anarudi kuvivaa.

Pale pale nikasema kwa mara ya kwanza yale maneno ambayo nyumbani kwetu hayajatamkwa: innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Niliyasema kwa sauti, wafuaji wakanyanyua vichwa. Kisha nikalia kilio kile ambacho mke wa mtu aliyepotea hana ruhusa ya kulia, kwa sababu akilia wataambiana amemchuria mumewe kifo. Mbeyu aliingia majini na viatu vyake, yeye asiyeingia na viatu, akanishika kiunoni akasema kwa Kigiriama chake, pore, pore. Muhdhar alichuchumaa mchangani amefunika uso. Baadaye akataka tujipange tumswalie sala ya ghaibu. Nikakataa. Nikamwambia sala hiyo ina mwenyewe, naye yuko Malindi anachambua mchele.

Sasa mama, nikwambie la mwisho, na hili sikuliona Sabaki, nilikuwa nalo siku zote nikilizunguka.

Umeniambia, siku ile ya hasira, kwamba nina haraka ya eda kwa sababu nina haraka ya mlango, nitoke kwako nikaolewe. Watu wamekutia maneno. Sitaapa kwamba sitaolewa tena, hilo liko kwa Mungu, na mimi ni mwanamke hai. Lakini sikukimbilia eda, niliikimbia. Kila Kadhi alipoita, mimi ndiye niliyechelewa njiani. Nilijificha nyuma ya hasira yako. Ulipokuwa ukisema huendi, moyo wangu ulishukuru. Kwa sababu Twahir akiwa hai, popote alipo, mimi ni mke wa mwanao na nyumba yako ni yangu. Akiwa marehemu, eda ikamalizika, mimi ni nani kwako? Mama yangu aliyenizaa alikufa sijaota meno. Nimepata mama mmoja tu ninayemjua, na nimempata kwa ndoa. Niliogopa kwamba siku nitakayomzika Twahir ndiyo siku nitakayokuzika na wewe.

Na nadhani, unisamehe nikikosea, nadhani nawe unaogopa hilo hilo. Umemweka mwanao hai ili nisiondoke. Tumekaa wawili na kawa katikati, kila mmoja akimlindia mwenziwe uongo, na aliyenyimwa dua ni yeye. Hajasomewa hata Yasini moja, mama. Mtu aliyewapimia maji watu wengine, na sisi tumemwacha ukingoni.

Nataka kutulia. Mimi, ile pia yako, nimesema hivyo. Nataka unishike mkono wewe, si mtu mwingine, uniingize kizukani katika chumba changu, univue bangili hizi, unikataze dirisha, unikemee nikichungulia. Nataka nikae nikuzoee bila ya yeye, na eda ikiisha unitoe wewe mwenyewe, unipeleke pwani nikoge, na unirudishe nyumbani kwako. Ukikubali, twende kwa Kadhi pamoja. Mbeyu atakuja aeleze habari ya kufuli na viatu. Amesema atavaa buibui ukitaka, nikamwambia si lazima.

Kesho alfajiri mimi na Mbeyu tunamalizia njia mpaka Ngomeni; sharti lako la maharimu unisamehe, barua hii haikuwa na mchukuzi mwingine. Kilichobaki ni mashamba ya chumvi na upepo, lakini ndicho alichobakisha, nami napenda kukimaliza kabla ya kukaa.

Nisalimie majirani wote, na wa dirisha la kijani mwombe radhi, huenda umemwita mwongo. Muhdhar usimwache aondoke bila ya kula, na mpe mto wa kukalia. Mbeyu anakuamkia. Mimi nakubusu mikono yote miwili na lile goti bovu.

Nitafika Alhamisi, inshallah, wakati wa chakula cha mchana. Usinijibu wala usinipigie simu. Nikikuta kawa liko mkekani mahali pake, nitakuamkia, nitakula nawe, na sitalitaja neno hili tena mpaka ulitaje wewe. Nikikuta umelitundika ukutani, nitaifunga baiskeli mlangoni, nitavua viatu niviache nje, na nitaingia ndani nikae.

Ni mimi mwanao, ukiridhia,
Raihana